Mtaji usiliwe: hesabu za kijana anayeanza biashara ya mpakani

Ukienda Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, utasikia maneno mawili yanayoogopwa na wafanyabiashara wadogo kuliko ushuru: mtaji kukatika. Kijana alikuwa akivusha vitunguu kila wiki, kisha ghafla haonekani. Ukimuulizia unaambiwa mtaji umekatika. Mara nyingi hakuibiwa, mzigo wake haukukamatwa na wateja hawakumkimbia. Aliula. Aliula polepole, chipsi leo, vocha kesho, mchango wa harusi keshokutwa, akidhani muda wote kwamba anakula faida.

Balaa hili huwakuta hasa walioanza kujitegemea juzi. Ndiyo mara ya kwanza kijana analipa kodi ya chumba chake mwenyewe. Nyumbani wameshaanza kumhesabu kama mtu mwenye kazi, na mdogo wake yuko sekondari. Ushauri mwingi wa kuweka akiba anaokutana nao uliandikwa kwa ajili ya watu wa mshahara. Kanuni maarufu ya 50-30-20 ilienezwa na Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi katika kitabu kilichotoka Marekani mwaka 2005: nusu ya kipato iende kwenye mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwenye unavyopenda, asilimia 20 kwenye akiba na madeni. Ni kanuni nzuri kwa mtu anayejua tarehe 30 ataingiziwa kiasi gani. Muuza vitunguu hana tarehe 30. Fedha zake huingia Jumanne na kutoka Alhamisi, nusu kwa shilingi ya Kenya na nusu kwa ya Tanzania, na nyingi ya fedha hizo si zake bali ni za gunia lijalo.

Tuchukue mfano, tuupige hesabu hadi mwisho. Binti wa miaka 23 ana mtaji wa shilingi 600,000 za Tanzania. Ananunua vitunguu upande wa Tanzania na kuviuza upande wa Kenya mara moja kwa wiki. Wiki ikienda vizuri anarudi na shilingi 36,000 za Kenya. Tukichukua kiwango cha shilingi 20 kwa moja, hizo ni 720,000 za Tanzania. Simu yake inaonyesha 720,000, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu simu haijui kutofautisha mtaji na faida.

Toa 600,000 za kununulia mzigo wa wiki ijayo, zinabaki 120,000. Toa usafiri, wapakiaji na washushaji, ushuru wa halmashauri huku na wa kaunti kule, kibali, chakula cha njiani na makato ya kutuma na kutoa fedha kwenye simu. Tuseme hayo yote ni 55,000. Toa 10,000 za vitunguu vilivyooza au kunyewa mvua, maana havikosekani. Zimebaki 55,000 kwa wiki, na hicho ndicho kipato chake. Kati ya 720,000 alizoziona kwenye simu, zilizo zake hazifiki hata moja ya kumi na tatu.

Anayeijua namba hii ana nafasi ya kuweka akiba. Asiyeijua, akiweka akiba atakuwa anahamisha mtaji tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana nawaona watu wa daftari wakidumu kuliko watu wa kichwa. Daftari lenyewe ni la kawaida la shule: nimenunua kwa kiasi gani, nimetumia nini njiani, nimeuza kwa kiasi gani. Liandikwe siku ileile, kwa sababu ukingoja hadi Jumapili utakuwa umesahau 2,000 ya mkokoteni na 1,500 ya chai, na kwa kipato cha 55,000 fedha hizo si ndogo.

Baada ya hapo, binti huyu ajilipe posho. Si lazima aiite mshahara, lakini iwe kiasi kimoja kila wiki, hata wiki ambayo mauzo yalichangamka. Tuseme 35,000. Kwa mwezi wa wiki nne ni 140,000. Chumba 40,000, zinabaki 100,000 za chakula, sabuni, vocha na nauli. Ni maisha ya kubana, nakubali, na huenda akahitaji kupanga chumba na mwenzake. Zile 20,000 zilizobaki kila wiki azigawe: 10,000 akiba ya dharura, 5,000 kikundi, 5,000 arudishe kwenye mtaji.

Tusijidanganye kwamba atafanya biashara wiki zote 52. Kuna malaria, msiba, msimu wa bei mbaya. Tuhesabu wiki 44. Mwisho wa mwaka mtaji umetoka 600,000 hadi 820,000, akiba ya dharura ni 440,000 na kikundini ana 220,000. Hakuna gari hapo wala kiwanja. Lakini mwaka wa pili ananunua magunia mengi zaidi kwa safari ileile, na gharama kama chakula cha njiani haziongezeki kwa kuwa magunia yameongezeka.

Posho hiyo ndiyo inayobeba pia michango. Harusi, kitchen party, mahafali, jirani aliyelazwa: hakuna kijana wa ukanda huu anayeweza kuyakataa yote akaendelea kuishi na watu. Anayechangia kutoka kwenye posho atachangia kidogo, na ataelewa mwenyewe kwa nini ni kidogo. Anayechangia kutoka kwenye fedha za mzigo huonekana mkarimu hadi siku anayopotea sokoni. Mali kauli ndiyo ngumu zaidi. Ukimpa mteja magunia mawili akulipe akishauza, nawe mtaji wako ni magunia matano, wiki hiyo umebaki na matatu. Andika deni hilo kwenye daftari kama mtaji ulioko nje, na uwe na ukomo wake.

Halafu kuna jambo ambalo muuza duka wa Morogoro au Nakuru halimsumbui, nalo ni kuishi na sarafu mbili. Januari 2024 shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu shilingi 16 za Tanzania. Kufikia Aprili mwaka huohuo ilikaribia 20, baada ya shilingi ya Kenya kupanda kwa kasi mbele ya dola. Mfikirie mama wa Arusha aliyekuwa ameweka 1,000,000 za Tanzania ili aende kununua sabuni na vyombo vya plastiki Kenya. Januari zingempa kama shilingi 62,500 za Kenya. Aprili zilimpa kama 50,000. Hakutumia hata senti, na bado moja ya tano ya alichotaka kununua ilikuwa imeyeyuka. Aliyekuwa na akiba ya Kenya na ananunua Tanzania alipata upande wa pili wa bahati hiyo, lakini hiyo ni bahati, na huwezi kuipangia bajeti.

Njia ya kujikinga haihitaji utaalamu. Fedha za mzigo ziwe katika sarafu utakayonunulia mzigo. Fedha za kodi ziwe katika sarafu anayoidai mwenye nyumba. Binti wetu wa vitunguu anauza kwa ya Kenya na kununua kwa ya Tanzania, kwa hiyo zile 600,000 azibadilishe mara tu anapouza, asizingojee zipande. Na asibadilishe kwenda na kurudi. Mbadilisha fedha ana bei ya kununua na bei ya kuuza, na tofauti ya hizo mbili ndiyo chakula chake. Kila unapovuka bila mpango unamlisha.

Sasa ile akiba ya dharura ya 440,000. Ukigawa kwa posho ya mwezi inakaa miezi mitatu na siku chache. Kwa nini mitatu? Kwa sababu mpaka hufungwa, na haumwambii mtu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Zuio lilidumu siku chache kisha likabadilishwa kuwa masharti, lakini kwa mwenye mzigo uliokwisha kupakiwa siku chache zilitosha kumuumiza. Mwaka 2020 corona iliwasimamisha wavushaji wadogo wa Goma na Gisenyi, watu waliozoea kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024.

Hakuna akiba ya mtu wa kipato kidogo inayoweza kuhimili miaka mitatu ya Gatuna. Miezi mitatu hukupa kitu kingine: muda wa kubadilisha bidhaa au soko kabla hujaanza kuula mtaji. Asiye nayo huanza kuula wiki ya kwanza, na mpaka ukifunguliwa anakuta hana cha kuvusha.

Wengi hapo hukimbilia mkopo wa simu. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012 iliweka ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa 10,000 unalipa 750, na inaonekana ndogo. Ukiurudia kila mwezi mwaka mzima umelipa 9,000 kwa kutumia 10,000 zilezile. Hiyo ni huduma halali ya benki. Ile ya mtaani, ambayo Watanzania wameipa jina lake sahihi la kausha damu, hula zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mkopo wa siku chache unaweza kufaa pale mzigo umeshapata mnunuzi na faida inazidi ada. Mkopo wa kulipia kodi ya chumba ni dalili kwamba posho haijatosha, na mwezi ujao haitatosha zaidi.

Akiba ikae wapi? Isikae kwenye laini unayofanyia biashara. Vijana wa mpakani tayari wana laini mbili au tatu, basi moja iwe ya mtaji na nyingine ya posho. Akiba ya dharura ikae mahali panapohitaji hatua moja zaidi kuitoa: akaunti ya benki isiyo na kadi, au SACCO. Mtanzania anaweza pia kutazama mifuko ya UTT AMIS, ambayo wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. SACCO zina faida ya ziada, kwani nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake kwa riba ya chini kuliko ya simu. Fedha zake lakini hazitoki haraka, kwa hiyo usipeleke huko yote.

Kisha kuna kikundi. Kenya ni chama, Tanzania ni VICOBA au kibati, Rwanda ni ikimina, Kongo wanasema likelemba. Majina yanafanana kwa watu, mambo yenyewe hayafanani. Katika mchezo wa kupokezana, anayepokea mwanzoni amepata mkopo usio na riba, na anayepokea mwisho ameweka akiba isiyo na riba huku akibeba hatari kwamba waliotangulia wataacha kuchangia. Mpakani hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana mdaiwa akivuka upande wa pili kumfuata ni gharama. Kikundi cha hisa hukopeshana, hutoza riba na kugawana mwisho wa mzunguko. Tanzania vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili wenyewe unapitia halmashauri. Uliza cheti kabla hujaweka hisa ya kwanza. Uliza pia fedha zinalala wapi, kwa mtu au kwenye akaunti ambayo kuitoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mmoja.

Na uliza kikundi kinavunjwa mwezi gani. Vingi huvunjwa Desemba, fedha zikaishia kwenye nguo za sikukuu na zilizobaki zikamezwa na ada za shule Januari. Kwa mfanyabiashara wa mazao mwezi mzuri ni ule ambao shamba limevunwa na bei iko chini, kwa sababu ndipo 220,000 hununua magunia mengi. Kama kikundi chote ni cha wauza vitunguu, hoja hiyo inafaa kupelekwa kwenye kikao cha kwanza, kabla katiba haijaandikwa.