Kabla Hujabadilisha Leva na Pedeli

Baiskeli za mashindano za zamani, kina Raleigh na Peugeot zenye usukani uliopinda kuelekea chini, bado zinaonekana Buruburu, Umoja na Kayole. Fremu zake za chuma hudumu. Kinachochoka ni breki na pedeli, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa kwa kununua kinachong'aa badala ya kinachoingiana na baiskeli.

Anza na waya. Leva ikiwa nzito, mara nyingi si kosa lake; waya umeshika kutu ndani ya ganda. Badilisha waya, ganda na raba za breki, kisha jaribu tena. Rimu za chuma zikilowa hushikika kwa shida, hata ufunge leva gani. Za alumini ni afadhali.

Ikibidi leva mpya, chagua kulingana na breki. Breki ya kalipa iliyo kwenye baiskeli hizi huhitaji leva inayovuta waya kidogo. Leva ya breki za V, zile za baiskeli za milimani, huvuta karibu maradufu. Ukiifunga kwenye kalipa, mkono utahisi breki imara, kumbe raba zinabana rimu kwa nguvu ndogo. Tena leva hiyo hutoshea bomba la milimita 22.2, ilhali usukani uliopinda kwa kawaida una milimita 23.8.

Tazama pia kichwa cha waya. Cha leva za milimani kina umbo la pipa dogo. Cha mashindano ni chembamba, kimechongoka upande mmoja. Fundi aliyekosa waya sahihi hukipiga tupa hadi kiingie. Mkatalie. Kichwa kilichopunguzwa kinaweza kuchomoka siku unapobana kwa nguvu zote, matatu ikiwa imesimama ghafla mbele yako Jogoo Road.

Kwa pedeli, swali ni hesi. Nyingi ni za inchi 9/16, lakini kranki za zamani za Kifaransa ni milimita 14. Tofauti haifiki theluthi moja ya milimita, ila ukilazimisha pedeli ya kawaida, hesi ya kranki ya alumini inakatika. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia. Kanuni ni rahisi: simamisha spana juu ya ekseli, isukume kuelekea gurudumu la nyuma, na pande zote mbili zitalegea. Kufunga, isukume mbele, baada ya kupaka grisi. Kwa anayeendesha na viatu vya kazi, chagua pedeli pana.

Ukimaliza, bana kila leva kwa nguvu zako zote. Ikigusa usukani, kaza waya. Kisha shika breki ya mbele na usukume baiskeli: gurudumu la nyuma likiinuka, sasa unaweza kuingia barabarani.