Nyongeza ya Guild Wars 2: wachezaji wa zamani walionewa au walilalamika bure?

Leo tuongelee gemu kidogo. Kuna ubishi mmoja hauishi kwa washkaji wanaocheza mtandaoni: nyongeza ya gemu ikitoka, aliyelipia toka siku ya kwanza alipe sawa na anayeanza leo?

Mfano mzuri ni Guild Wars 2, gemu ya kampuni ya ArenaNet ya Marekani. Ilitoka Agosti 2012 kwa dola 59.99, na ukishainunua hakuna ada ya mwezi. Juni 2015 wakaanza kupokea malipo ya nyongeza ya kwanza, Heart of Thorns, dola 49.99. Kwa bei hiyo hiyo ulikuwa unapewa na gemu yenyewe ya mwanzo. Hapo ndo moto ukawaka!

Wa zamani wakasema: gemu tunayo tayari, sasa mbona hatupunguziwi?

Twende taratibu, maana hapa kuna maswali mawili na watu wanayachanganya.

La kwanza, je, mgeni kupewa gemu bure kunakupunguzia wewe kitu? Kwa kweli hapana. Wewe ulishaicheza miaka mitatu. Piga hesabu: World of Warcraft ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi, kwa miezi 36 ni karibu dola 540. Wewe wa Guild Wars 2, ukijumlisha na nyongeza, ni kama dola 110 tu. Hapo kuibiwa hakuna.

La pili, je, pesa yako inapata kitu kilekile? Hapa ndo walikuwa na haki. Nyongeza ilileta fani mpya, revenant. Akaunti ya kawaida ilikuwa na nafasi 5 za wahusika. Mgeni anaanza na nafasi zote wazi, anamtengeneza revenant wake fasta. Wa zamani kashazijaza. Afanyeje? Amfute mhusika aliyemlea miaka mitatu, au alipie nafasi nyingine vito 800, yaani dola 10. Au achukue toleo la dola 74.99 lenye nafasi ndani yake. Yaani mwaminifu anatoa zaidi ili apate kile ambacho mgeni anapata bila kuongeza hata senti. Jamani, hiyo si sawa.

Kelele zilisaidia. Julai 2015 kampuni ikatangaza nafasi moja ya bure kwa waliokuwa na akaunti kabla nyongeza haijatangazwa Januari mwaka huo, mradi walipie kabla Julai haijaisha. Nyongeza yenyewe ikatoka Oktoba 23, 2015. Na iliyofuata, Path of Fire ya Septemba 2017, ikauzwa dola 29.99.

Mimi msimamo wangu ni huu: bei sawa kwa wote haina ubaya, na mgeni kukaribishwa vizuri ni jambo jema, gemu bila watu wapya inakufa. Lakini usimpe mgeni zawadi halafu mwenyeji umwambie aongeze hela ndo apate kiti. Nafasi moja tu ya mhusika ingetolewa toka mwanzo, ugomvi wote ule usingekuwepo.

Wewe unaonaje? Ungelipa au ungesusa? Tupia maoni yako hapo chini, ila matusi hapana.

Nawakilisha.