Chura wa Kihansi na Umeme Wetu

Mada ya maendeleo na mazingira ikiletwa kwenye mdahalo, haichukui muda mtu anauliza: kwa hiyo mnataka tukae giza kwa ajili ya chura? Watu wanacheka, hoja inakufa hapo. Lakini chura huyo yupo kweli, na habari yake si ya kuchekesha.

Kwao ni sehemu moja tu duniani: korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Ana rangi ya njano, hafiki hata sentimita tatu, na hatagi mayai kama vyura tuliowazoea. Anazaa watoto waliokamilika (mwalimu wa baiolojia wa sekondari hakutuambia hilo). Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko, kwenye eneo la hekta chache tu. Wanasayansi walimwona mwaka 1996, mradi wa bwawa ukiwa tayari umeshaanza.

Mitambo ilipowashwa, maji mengi yakageuzwa kuingia handakini kuzungusha mashine za megawati 180. Manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani kutunzwa huko. Korongoni pakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka, halafu 2003 wakaporomoka ghafla. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi unatajwa sana. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Mimi sioni hapa kesi ya umeme dhidi ya chura. Umeme ule tuliuhitaji, na bado tunauhitaji; anayebisha aje asomee mtihani kwa mshumaa. Kesi ni ya nani alitangulia kufika korongoni. Mtaalamu wa viumbe akitangulia, ramani bado ni karatasi, unaweza kufuta mstari na kuamua mapema maji kiasi gani yabaki mtoni. Akifika baada ya zege kumwagwa, kila suluhisho linakuwa kiraka, na kiraka ni ghali.

Viraka vyenyewe viliendelea. Mwaka 2010 vyura 100 wa kwanza walirudishwa nchini, wakawekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 baadhi wakaachiwa korongoni. Sasa manyunyu yao ni ya bomba. Bomba likiziba, lazima awepo mtu wa kwenda kulizibua.