Chanjo ya Nimonia kwa Watu Wazima (2): Mzee Hajakataa, Hajaulizwa

Juma lililopita tulieleza jinsi bakteria aitwaye nyumokokasi anavyokaa puani na kooni mwa mtoto bila kumsumbua, kisha akamwingia nyanya anayemlea na kumletea nimonia. Leo tutazame kinachomfanya mtu mzima akubali kuchanjwa.

Tangu 2011, watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya bakteria huyu wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Huko Kilifi, watafiti walikuta kwamba maradhi makali yaletwayo na aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa walio chini ya miaka 5. Ni mafanikio makubwa, ila yamezoesha watu, hapa Nyeri na jirani, kutoka Othaya hadi Karatina na Nanyuki, kuiona chanjo ya nimonia kuwa kitu cha kliniki ya watoto. Mzee mwenye kisukari haoni kama inamhusu.

Inamhusu sana. Umri mkubwa, kisukari, ugonjwa wa moyo, sigara na virusi vya Ukimwi humpa nyumokokasi nafasi. Nyeri yenyewe ilichaguliwa 2018 kufanyiwa majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, kwa kuwa ina mzigo mkubwa wa kisukari na shinikizo la damu.

Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana: hakuna kinachomsukuma mtu mzima kuchanjwa kama neno la daktari au muuguzi wake. Mabango na matangazo ya redio husaidia, lakini hayamfikii mtu kama kuambiwa, "Mama, kwa hii sukari yako, ni vizuri upate chanjo ya mapafu." Wengi wasiochanjwa husema tu kwamba hawakuwahi kuambiwa.

Kuna hofu pia, na si ya kubeza. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki waliitilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani zilisisitiza kwamba ni salama, lakini wasiwasi ulishaingia majumbani, na katika eneo lililolelewa na misheni kama Mathari na Tumutumu, sauti ya kanisa ina uzito. Hata hivyo, chanjo ya Korona ilipoletwa 2021, Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoongoza nchini kwa kuchanja watu wazima. Chanjo ile ilikuwa ya bure na ilisogezwa karibu na watu.

Hii ya nimonia, mtu mzima hujinunulia. Mkulima wa kahawa anayengoja malipo ya ushirika atalipa karo kwanza, na simlaumu.

Mgonjwa aambiwe pia ukweli mzima. Chanjo hii haizuii kila nimonia. Ile ya zamani hulenga aina 23 kati ya zaidi ya 100 za nyumokokasi. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa haikuwasaidia watu wazima wenye virusi vya Ukimwi, ilhali nchini Malawi chanjo ya kizazi kipya iliwakinga vizuri. Kwa hiyo muuguzi ajue anampa nani ipi. Siku ya kliniki ya kisukari, mgonjwa akishapimwa presha na sukari, aulizwe kama amechanjwa, na jibu liandikwe kwenye kitabu chake.