Tanuru la umeme: kwa nini Mgololo si sawa na Mbeya

Chukua mfuko wa saruji. Nje kuna karatasi ngumu ya khaki, ndani unga wa kijivu. Karatasi za aina hiyo hutengenezwa Mgololo, wilayani Mufindi, kwa miti ya paina. Saruji nayo huzalishwa Songwe, jirani na Mbeya. Je, tukiwasha matanuru kwa umeme badala ya makaa na mafuta, hewa ukaa itaisha? Jibu si moja.

Tuanze na karatasi. Vipande vya mti hupikwa na kostiki soda na kemikali za salfa hadi nyuzi ziachane. Yanabaki maji meusi, ambayo huchomwa kupata mvuke na umeme. Katika majivu yake kuna kaboneti ya sodiamu. Ukiichanganya na chokaa, unapata kostiki soda tena, pamoja na tope jeupe la kaboneti ya kalsiamu. Tope hilo huchomwa kwenye tanuru, kwa zaidi ya nyuzi joto 900, lirudi kuwa chokaa. Katika viwanda vingi vya aina hii duniani, tanuru hilo huwashwa kwa mafuta mazito au gesi.

Sasa angalia hesabu: kilo 100 za tope kavu hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ukaa. Umeme hauzuii hilo hata kidogo! Unaondoa moshi wa mafuta tu.

Tofauti iko hapa. Songwe, kaboni hiyo inatoka kwenye mawe ya chokaa, ilikofungiwa kwa mamilioni ya miaka. Kwenye karatasi inatoka kwenye mti, ulioivuta hewani juzijuzi. Paina mpya zikipandwa, itavutwa tena. Kwa hiyo umeme ungefaa zaidi kwenye tanuru la karatasi kuliko la saruji, ambalo pia linahitaji nyuzi 1,450.

Ila umeme utoke wapi? Kuvunja tani moja ya tope kunahitaji karibu yuniti 500, bila upotevu. Ukitoka Kihansi au Bwawa la Julius Nyerere, sawa. Ukitoka kwenye mitambo ya gesi, ambako nusu hivi ya joto hupotea, bora uchome gesi hiyo tanurini moja kwa moja.

Na ukikatika? Tanuru la nyuzi 900 halisubiri. Kwa hiyo kabla ya kubadili tanuru, kagua kwanza waya unaolilisha.