Mpachika Mabao Akiondoka: Sheria Isiyoandikwa ya Mashabiki wa London

Msimu wa 2024–25 klabu ya Brentford, ya magharibi mwa London, ilifunga mabao 66 katika Ligi Kuu ya Uingereza. Bryan Mbeumo alipachika 20, Yoane Wissa 19. Dirisha la usajili lilipofungwa tarehe 1 Septemba 2025, wote wawili walikuwa wameshaondoka. Mbeumo, Mkameruni, alichukuliwa na Manchester United; Wissa, wa timu ya taifa ya Kongo, akaelekea Newcastle. Kocha Thomas Frank alikuwa ametangulia Tottenham tangu Juni, na nahodha Christian Nørgaard akavuka jiji kwenda Arsenal. Kiangazi kizima mashabiki wa Brentford walikuwa na gumzo moja tu: nani atafunga, na nani alaumiwe.

Gumzo hilo lina mahali pake na taratibu zake. Tangu 1904 hadi 2020 Brentford walichezea Griffin Park, uwanja uliokuwa na baa katika kila pembe, nne kwa jumla. Klabu imehamia uwanja mpya karibu na daraja la Kew, lakini wazee wengi bado hupitia baa zilezile kabla ya mechi. Mezani kuna desturi ya zamu: kila mmoja hununulia kundi zima kinywaji, na si adabu kunywa vya wenzako kisha kuaga kabla zamu yako haijafika. Asiyekunywa pombe huagiza soda, lakini zamu yake iko palepale. Kwa hiyo mjadala haukatiki haraka. Ukitoka baa huendelea ndani ya treni, na jioni huhamia redioni, katika kipindi cha 606 cha BBC, ambacho tangu 1991 kimewapa mashabiki nafasi ya kupiga simu na kutoa dukuduku zao.

Anayesikiliza kwa mara ya kwanza hudhani ni kelele za walevi. Akikaa zaidi ataona kwamba ni baraza linalohukumu kwa sheria isiyoandikwa. Sheria hiyo haisemi kwamba kuondoka ni kosa. Inauliza mambo mawili: umekwenda kwa nani, na umeaga vipi.

Swali la kwanza ndilo zito. Thierry Henry aliondoka Arsenal mwaka 2007 kwenda Barcelona akiwa mfungaji bora katika historia ya klabu. Mashabiki waliumia, lakini Barcelona iko mbali, na hakuna wa Arsenal aliyelazimika kukaa ofisini na shabiki wa Barcelona Jumatatu asubuhi. Desemba 2011 alijengewa sanamu nje ya uwanja wa Emirates. Wiki chache baadaye alirudi kwa mkopo, na tarehe 9 Januari 2012 akawafunga Leeds katika Kombe la FA. Watu wazima walilia majukwaani.

Mwaka huohuo ukamtoa Robin van Persie. Alikuwa nahodha, na katika msimu uliotangulia alikuwa amefunga mabao 30 ya ligi. Julai alitangaza kwamba hataongeza mkataba, na Agosti akauzwa Manchester United kwa pauni milioni 24. Msimu uliofuata alifunga mabao 26 na kutwaa ubingwa. Tarehe 28 Aprili 2013 aliingia Emirates akiwa bingwa. Kwa mujibu wa desturi ya ligi, wachezaji wa Arsenal walijipanga mistari miwili kuwapigia makofi mabingwa, huku majukwaa yakimzomea mtu waliyekuwa wakiimba jina lake mwaka mmoja kabla. Akafunga kwa penalti, mechi ikaisha 1–1. Hadi leo hana sanamu, na wengi hawaoni kwa nini awe nayo.

Kwa upande wa Tottenham mifano ni miwili na hukumu zake ni kinyume kabisa. Sol Campbell, beki na nahodha, alimaliza mkataba mwaka 2001 na kwenda bure kwa mahasimu wakubwa, Arsenal. Aliporudi White Hart Lane alipokewa kwa maputo yaliyoandikwa jina la Yuda, na chuki ile haijaisha. Harry Kane aliondoka Agosti 2023 kwenda Bayern Munich baada ya mabao 280, akiwa ameivunja rekodi ya Jimmy Greaves ya mabao 266. Wengi walimtakia heri. Alikuwa amekulia mikononi mwao, na Munich haikuwa ya kuwakera. Mei 2025 Kane alipata ubingwa wa Ujerumani; mwezi huohuo Tottenham, bila yeye, wakawafunga Manchester United 1–0 mjini Bilbao na kutwaa Kombe la Europa, taji lao la kwanza tangu 2008. Kila upande ukapata ulichokikosa ulipokuwa pamoja na mwenzake.

Swali la pili ni la adabu. Emmanuel Adebayor aliuzwa na Arsenal kwenda Manchester City mwaka 2009, na Septemba alipowafunga wenzake wa jana alikimbia urefu wa uwanja mzima ili akashangilie mbele ya mashabiki wao. Kuuzwa wangelimeza, mbio zile hawajazimeza. Ndiyo maana mchezaji anayejua mila, akiifunga klabu yake ya zamani, huinua mikono kama anayeomba radhi na kujizuia kushangilia.

Hapo ndipo Wissa alipojikwaa machoni pa wengi wa Brentford. Hakucheza mechi za mwanzo wa msimu, na siku moja kabla ya dirisha kufungwa akaandika hadharani kwamba klabu inamzuia kuondoka. Mbeumo alikwenda klabu kubwa zaidi, lakini jina lake lilipita midomoni kwa upole zaidi. Wapo waliomtetea Wissa: alikuwa akikaribia miaka 29, muda wa mshambuliaji ni mfupi, na klabu haimwombi mchezaji ruhusa inapoamua kumuuza. Hoja hiyo ina uzito. Wazee waliijibu kwa sentensi moja: ondoka, lakini usitufunge midomo ya shukrani.

Kisha huja bei, na hapa mashabiki hubishana kama wajomba wanaojadili mahari: ikiwa ndogo ni aibu kwa ukoo, ikiwa kubwa bado binti ameondoka. Jambo hili si jipya. Mwaka 1961 Chelsea walimuuza Greaves kwa AC Milan baada ya kuwafungia mabao 41 ya ligi katika msimu mmoja. Desemba ya mwaka huohuo Tottenham walimrudisha London kwa pauni 99,999, wakapunguza pauni moja ili asibebe mzigo wa kuitwa mchezaji wa pauni laki moja.

Brentford wamejifunza kuishi na mnada. Uwanja wao unachukua watu 17,250 tu, na Old Trafford unachukua zaidi ya elfu 74. Mapato ya milangoni hayawezi kulingana. Kati ya washambuliaji wao, Neal Maupay aliuzwa 2019, Ollie Watkins 2020, Ivan Toney 2024. Watkins alipoondoka wengi walitabiri mwisho. Toney akaletwa kutoka Peterborough, akafunga mabao 31 ya ligi ya daraja la pili, na Mei 2021 Brentford wakarudi ligi ya juu baada ya miaka 74.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kutafsiriwa sheria hii. Fiston Mayele alipotoka Yanga mwaka 2023 kwenda Pyramids ya Misri, Jangwani walisononeka lakini hawakumlaani. Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, alipotoka Simba mwaka 2024 na kuvuka kwenda kwa watani wa jadi, Yanga, Msimbazi palichemka. Tofauti ni kwamba sisi tuna utani, unaoruhusu matusi yageuke kicheko kabla ya chai ya jioni. London hasira hukaa miaka.

Hata hivyo kuna jambo ambalo mashabiki wa Brentford wanatuzidi. Mwaka 2006, klabu ikiwa taabani kifedha, chama cha mashabiki kiitwacho Bees United ndicho kilichochukua umiliki wake na kuishikilia hadi Matthew Benham alipoichukua mwaka 2012. Watu waliotoa fedha zao ili klabu isife wana haki ya kumhoji anayeaga. Lawama yao ina risiti.

Tarehe 27 Septemba 2025 Manchester United walifika Brentford, Mbeumo akiwa nao. Igor Thiago, Mbrazili ambaye msimu wake wa kwanza uliliwa na majeraha na ambaye wengi hawakumwamini, alifunga mabao mawili. Kipa Caoimhín Kelleher akaokoa penalti, na Brentford wakashinda 3–1. Pengo lilizibwa na mtu aliyekuwa tayari nyumbani, anasubiri.

Kwa hiyo, shabiki wa Kariakoo, Mwembe Tayari au Brentford, dirisha la usajili litakapofunguliwa tena na mfungaji wako akafunga mizigo, dai bei nzuri na dai adabu. Hayo ni haki yako. Usimdai abaki. Aliajiriwa kufunga mabao, na kubaki ni kazi yako wewe.