Msikilizaji Hangoji Nukta

Wako wanaodhani kwamba msikilizaji hungoja sentensi iishe ndipo aielewe. Sivyo. Mwaka 1980, huko Marekani, Marta Kutas na Steven Hillyard walionyesha kwamba neno lisilotarajiwa hubadili mawimbi ya umeme ya ubongo kabla ya nusu sekunde kupita. Akili huijenga maana neno kwa neno.

Basi tuyapime matangazo yetu: “Watoto wa wakulima walioandikishwa wapewe chakula.” Walioandikishwa ni watoto au wakulima? Tungesema “mashamba ya wakulima yaliyoandikishwa”, kiambishi kingetuongoza. Hapa hakitusaidii, kwani wote ni watu. Karani akielewa vingine, atakayelala njaa ni mtoto. Ndugu zetu mnaoandika matangazo, kusema wazi ni wajibu wetu kwa wananchi.